Mtafsiri wa Vibuyu Kumi na Viwili

Ifahamike kwa wote watakaosoma maandishi haya, wakubwa kwa wadogo, walio Makueni na walio Kitui, kwamba mimi, Mbuvi, wa kidato cha tatu katika Shule ya Wavulana ya Kyandumbi, ndiye niliyekuwa Mtafsiri Mkuu wa Lugha ya Kijapani katika tarafa nzima ya Kathonzweni, na kwamba katika muhula wa pili wa mwaka wa 1995 hakuna Mjapani aliyefungua kinywa kwenye runinga ya shule yetu bila mimi kueleza alichosema.

Nilijua maneno matatu ya Kijapani. La kwanza lilikuwa Toyota. La pili lilikuwa Suzuki. La tatu nililisikia kwa Bwana Hayashi siku mashine yake ya kuchimba kisima ilipokwama chini kabisa ardhini, na kwa jinsi alivyolitamka, sidhani lingefaa kutafsiriwa mbele ya watu waliookoka.

Bwana Hayashi alikuwa mhandisi wa visima. Likizo ya Aprili alichimba karibu na kwetu Kibwezi, nami nikamshikia kamba ya kupimia kwa siku mbili. Alizungumza nasi Kiswahili, tena kizuri kuliko cha mwalimu wetu wa kemia. Kazi yake ilipokwisha na ikawa arudi kwao, aliipa shule yetu kila kitu ambacho hakikuingia kwenye mizigo yake: runinga, mashine ya video, transfoma nzito kama mbuzi aliyeshiba ya kupunguza umeme wa jenereta yetu uwe wa kiasi cha kwao, na sanduku la kanda kumi na mbili.

Kanda hizo, wasomaji, zilikuwa kitu cha heshima. Sisi tulizozoea ni zile zilizorekodiwa juu ya nyingine, zenye karatasi ubavuni iliyoandikwa kwa kalamu ikakatwa mara tatu, na katikati ya sinema unakutana ghafla na harusi ya mtu. Hizi zilitoka kiwandani. Kila moja ilikaa ndani ya jumba lake la plastiki gumu, na juu yake picha ya rangi ya mvulana mwenye nywele nyeupe, upanga mgongoni, kibuyu mkononi. Ubavuni palikuwa na namba, kuanzia moja hadi kumi na mbili, na kila namba ilikuwa na kibuyu chake. Ndani mlikuwa na kijitabu chenye harufu ya dukani. Bwana Hayashi alisema alimnunulia mwanawe, lakini mtoto akawa mtu mzima kabla hajafika kanda ya tano.

Aliyepokea sanduku alikuwa Mwalimu Kivuva, mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu ya sinema. Huyu ni mtu mpole ambaye hajawahi kumchapa mtu bila kwanza kumuuliza kama amekula. Jumamosi ya kwanza, saa tisa alasiri, tuliziba madirisha ya ukumbi wa chakula kwa mablanketi, jenereta ikanguruma, na rafiki yangu Mahamud Ahmednur, fundi wetu wa mashine, akaisukuma kanda ya kwanza ndani. Katuni! Lakini katuni ambayo watu walikatwa na damu ikaruka. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Kisha yule mvulana mwenye nywele nyeupe akaanza kuongea, na kelele ikafa.

"Anasema nini?" mtu akauliza.

Mwalimu Kivuva akageuza kijitabu huku na huku. "Jamani, nani hapa amewahi kufanya kazi na Bwana Hayashi?"

Mkono wangu uliinuka wenyewe.

Tangu siku hiyo nilisimama kando ya runinga kila Jumamosi nikiwa na rula ndefu ya ubaoni, nikitafsiri. Kazi haikuwa ngumu. Mtu akipiga kelele, amekasirika. Akilia, amefiwa. Akitazama mwezi kwa muda mrefu, ana mpenzi mahali. Yule mvulana tulimwita Kavisi, yaani kijana mdogo kwa Kikamba, na alikuwa akitembea kijiji hadi kijiji akiwakamata mapepo yaliyosumbua watu. Alipigana nayo juu ya mapaa, akaruka miti mizima, na yakishachoka alifungua kibuyu, akapiga kelele neno moja, "Kaere!", na pepo likavutwa ndani kwa mlio kama maji ya mwisho yakitoka kwenye karai.

Hapo ndipo palipotukamata. Sisi sote tumelelewa kwenye nyumba ambazo kibuyu cha uji kinakaa jikoni bila neno, lakini kibuyu kidogo chenye mbegu zinazolia ndani hukigusi hata kwa ncha ya kidole, maana hicho ni cha mganga. Na sasa hapa mtoto wa Kijapani alikuwa anatingisha kibuyu mchana kweupe, na hakuna mtu aliyemwombea.

Shida pekee ya kitaaluma niliyoipata ilikuwa mwisho wa kila kanda. Hadithi ikimalizika lilitokea roboti kubwa jekundu likirusha makombora mjini. Lilikuwa tangazo la kanda nyingine zinazouzwa na kampuni hiyohiyo, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nililifanya mjomba wake Kavisi, wa upande wa mama, aliyekataa kuhudhuria mazishi. Watu walilia.

Sasa nije kwenye nyama.

Kyandumbi, nyama ni Jumatano. Babake Mahamud, Mzee Ahmednur, mfanyabiashara wa mifugo, ndiye aliyeleta mbuzi shuleni. Mnakaa kumi mezani, na kila mmoja anapata vipande viwili. Viwili, kwa wiki nzima ya pure ya mahindi na maharagwe. Jumamosi ya kanda ya nne nilikuwa nimesimama na rula yangu, nikifikiria Jumatano, wakati Kavisi alipokutana na pepo la mwanamke mwenye nywele zilizofunika uso mpaka magotini. Mwanamke yule aliinama juu ya bakuli la supu, akalipulizia. Kavisi akaruka, akapiga teke bakuli, akafungua kibuyu. "Kaere!"

Nikashusha rula, kama mtu aliyesikia habari mbaya kutoka nyumbani.

"Mbuvi! Amesema nini?"

"Sijui kama inafaa niseme."

"Sema!"

"Amesema," nikajibu polepole, "mapepo haya humwingia mtu kupitia vipande vya nyama. Hasa nyama ya mchuzi. Hasa katikati ya wiki."

Jumatano iliyofuata meza yetu ilikaa ikitazama sufuria. Wavulana wanane walinywa mchuzi wa juu wakasukuma vipande pembeni. Niliwaambia kwa masikitiko kwamba mtafsiri ana kinga, kwa sababu amezoea. Mahamud peke yake alikula vyake viwili, akafuta vidole, akaniangalia.

"Mbuvi, wewe ni mwizi."

"Nimewaokoa."

"Umewaokoa na nini? Na mbuzi wa baba yangu?"

"Karibu kipande."

"Nyama ya mtu anayeogopa mimi siili," akasema, akaondoka.

Hivyo mimi nikala vipande kumi na sita vya wenzangu na viwili vyangu. Jumatano tatu mfululizo. Katika meza nyingine hakukuwa na watafsiri, kwa hiyo nyama ilirudi jikoni, na wapishi wakatuma habari kwa Mzee Ahmednur apunguze mbuzi.

Nilidhani mambo yangeishia tumboni. Lakini Jumapili ya wazazi ilifika, na Mutie wa kidato cha kwanza, mtoto mnyoofu kuliko rula yangu, aliletewa kuku wa kukaanga na mamake akakataa kumla. Mama alipomuuliza, alimweleza yote: Wajapani, kibuyu, mapepo, nyama. Mama yake ni wa kanisa. Kanisani aliomba dua, na dua ile ikasikiwa na watu mia mbili kabla ya kufika mbinguni. Miaka ile, msisahau, magazeti yalikuwa yamejaa habari za ibada za shetani mashuleni. Habari ilipofika mjini Wote, ilikuwa kwamba Kyandumbi kuna pepo lililofungwa kwenye kibuyu chini ya maabara ya fizikia, na Mwalimu Kivuva hulilisha.

Jumatatu Mwalimu Kivuva aliniita maabara. Alikuwa anapanga betri kwenye sanduku, moja moja, kama mtu anayehesabu watoto.

"Mbuvi, keshokutwa halmashauri ya shule inakuja. Barua imeshaandikwa. Nahamishwa Nuu."

Nuu si mahali pabaya, mama yangu mdogo ameolewa huko. Lakini kutoka Kathonzweni ni safari ya kuvuka wilaya, na mke wake, Mumbua, ni muuguzi wa hospitali yetu hapa na ana mtoto mchanga.

"Nuu ningeenda," akasema, kama aliyesikia mawazo yangu. "Lakini barua inasema nimeingiza mambo ya kishetani shuleni. Ukishaandikiwa hivyo, hata Nuu hawakupokei. Sitafundisha tena popote."

"Pole, Mwalimu."

"Wewe ndiye unayejua wanasema nini kwenye hizo kanda. Watakuuliza. Waambie tu ukweli, Mbuvi, neno kwa neno. Wataona ni hadithi ya watoto. Sikuombi kitu kingine."

Wasomaji wapendwa, katika vitu vyote duniani ambavyo mtu angeweza kuniomba, aliomba kile ambacho sikuwa nacho. Ningempa hata rula.

Usiku sikulala, na kufikia asubuhi nilikuwa nimepata njia. Kama tafsiri mbaya ndiyo iliyomtia Mwalimu taabani, basi tafsiri nzuri ingemtoa.

Jumatano saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa na viti vinne tu mbele ya runinga. Cha kwanza Pasta Jonah, mwenyekiti, barua na kalamu juu ya magoti. Cha pili Mama Ndululu, mzee wa kanisa, mfupi, leso kichwani, kikapu cha kiondo miguuni. Cha tatu Mzee Ahmednur, mwakilishi wa wazazi, ambaye hajui Kikamba lakini alijua kwamba mbuzi wake wamekataliwa na alitaka kujua kwa nini. Cha nne Mwalimu Kivuva. Mahamud alikuwa kwenye mashine. Hakunisalimia.

"Tunataka kanda ya nne," Pasta Jonah akasema. "Ile ya nyama."

Nilitafsiri kama sijawahi kutafsiri maishani. Kavisi akawa mwinjilisti kijana anayetembea bila kiatu akiita watu watubu. Upanga ukawa Neno. Wanakijiji waliokuwa wakikimbia walikuwa wanakimbilia mkutano wa injili. Yule mwanamke mwenye nywele akawa mlevi wa pombe haramu, na bakuli likawa pombe yenyewe. Kavisi akaruka, akalipiga teke.

"Amina," Pasta Jonah akasema, kabla hajajizuia.

Kavisi akafungua kibuyu. "Kaere!"

"Anasema, 'Dada, acha njia zako za zamani, mlango wa rehema uko wazi!'"

Pasta alikuwa anaandika kitu pembeni mwa barua, na nadhani kilikuwa cha mahubiri. "Na nyama? Mama mmoja alituandikia kwamba filamu inakataza nyama."

"Nyama haijatajwa, Pasta. Wadogo wengine husinzia."

Mwalimu Kivuva alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu aketi. Nikafikiri, imekwisha.

"Rudisha hapo," Mama Ndululu akasema.

"Wapi, Mama?" Mahamud akauliza.

"Hapo kwenye kibuyu."

Mashine ikarudi nyuma kwa mlio wake wa kusaga. Mwanamke akanyonywa kutoka kibuyuni, bakuli likarudi mikononi mwake. Kisha mbele tena. "Kaere!"

"Amesema nini?"

Hapa, wasomaji, niligundua kitu ambacho kwa miezi miwili ya utafsiri sikuwahi kukifikiria. Nilikuwa sijawahi kutafsiri mahali pamoja mara mbili.

"Amesema... 'Tubu, dada, saa ya wokovu ndiyo hii.'"

"Rudisha."

Mlio wa kusaga. Bakuli. Teke. "Kaere!"

"'Ee dada, rudi kwa watoto wako, waache... waache wasome kwa bidii.'"

Mama Ndululu alinitazama. Alikuwa na macho ya mtu anayepepeta choroko na ameona jiwe.

"Neno ni lilelile mara tatu. Ni fupi kama chafya. Wewe mara ya kwanza umefungua mlango, mara ya pili umeangalia saa, mara ya tatu umepeleka watoto shule."

"Kijapani kina maneno yenye maana pana, Mama."

"Mwana wakwa," akasema, na mtu akikuita mwanangu kwa sauti ile ujue umepatikana, "mimi nimesimama kando ya wamishonari miaka ishirini na miwili nikiwatafsiria. Mzungu akisema moja nami nikisema kumi, najua yale tisa yalitoka wapi. Kuna mmoja alihubiri habari za theluji. Theluji, hapa Kathonzweni! Nikawaambia watu ni mvua ya mawe, na wakaokoka kumi na wanne. Lakini Jumapili iliyofuata alipoirudia theluji yake, nami niliirudia mvua ileile ya mawe. Wewe hata dakika tano hujaweza."

Pasta Jonah aligeuza shingo polepole. Ni dhahiri alikuwepo siku ya theluji, na pengine alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Lakini hakumgeukia Mama Ndululu. Alimgeukia Mwalimu Kivuva.

"Kwa hiyo, Mwalimu. Umemfundisha mtoto kuja kutudanganya."

"Pasta, sikumfundisha..."

"Kama filamu haina ubaya, kwa nini alitafuta uongo wa kuifunika? Nilikuja hapa na shaka. Sasa sina." Akafungua kalamu, akainyoosha barua juu ya goti.

Mwalimu Kivuva hakujitetea tena. Alinitazama tu. Hakuwa na hasira, ningependelea angekuwa nayo. Alinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu na bado anakiangalia ndani.

"Pasta, ngoja!" nikasema. Rula ikaniponyoka. "Si yeye. Naomba nieleze."

"Eleza."

"Mimi, kwa unyenyekevu mkubwa, ningependa kuifahamisha halmashauri hii tukufu kwamba kutokana na hali mbalimbali zilizojitokeza..."

"Hapana," Mama Ndululu akasema. "Kiswahili chako kina viatu vingi. Sema kwa Kikamba. Nitamtafsiria Mzee Ahmednur."

Nikavuliwa viatu. Jaribuni siku moja kusema uongo kwa lugha aliyowaogeshea mama. Haiwezekani. Maneno yalitoka mafupi mafupi, na kando yangu, kila niliponyamaza, nilisikia sauti ya Mama Ndululu ikiyapeleka kwa Kiswahili, yakiwa uchi kama nilivyoyatoa.

"Anasema hajui Kijapani. Anasema alimjua Mjapani siku mbili, na alishika kamba."

Mzee Ahmednur akaitikia kwa kichwa.

"Anasema hajui kama kwenye filamu kuna pepo au hakuna. Anasema yale yote ya kila Jumamosi aliyatunga akiwa amesimama."

Nyuma ya mashine, Mahamud alikuwa ameinama. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Anasema Mwalimu hakujua chochote. Mwalimu alimwambia aseme ukweli, na yeye akaona aibu kwa sababu hakuwa nao." Mama Ndululu akasita, akanigeukia, akanisubiri. Nikasema lililobaki. "Anasema ya nyama aliyatunga kwa sababu alitaka nyama."

Jenereta peke yake ndiyo iliyoendelea kunguruma. Pasta Jonah alimtazama Mwalimu Kivuva, akaitazama barua, kisha akafunika kalamu yake na kuikunja barua ile mara nne mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Akaitia mfukoni bila kuisaini.

"Mwalimu," akasema, na ikamchukua muda, "tutaiandikia hospitali salamu, wamwambie mama watoto asifunge mizigo."

Mwalimu Kivuva akafunika uso kwa viganja viwili.

Nilianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, kwa heshima, hatua moja moja.

"Huyu bado," Mzee Ahmednur akasema. Akanionyesha kwa fimbo. "Mama, muulize. Wiki tatu silali. Nimemleta daktari wa mifugo kutoka mbali. Nimewatazama mbuzi wangu mdomoni mmoja mmoja. Muulize kwa lugha yake, asinidanganye. Nyama ilikuwa na kasoro gani?"

Mama Ndululu akaniuliza kwa Kikamba, ingawa nilikuwa nimesikia.

Nikajibu.

"Anasema haikuwa na kasoro yoyote," akamwambia. "Anasema ilikuwa tamu, hasa mbavu. Anasema kila Jumatano alikula vipande kumi na vinane, akafyonza na mifupa, na Jumatano ya tatu, alipokuwa anaugua tumbo usiku, bado alikuwa anaifikiria."